Mafuta Yaipasayo Cherehani ya Zamani

Fundi wa Garsen, au wa kijiji chochote kando ya Mto Tana, aliyerithi cherehani ya zamani amerithi mali. Kiwanda cha Singer cha Clydebank, huko Scotland, kilifungwa mwaka 1980, lakini mashine zake zingali zikishona. Mashine ya namna hiyo haifi kwa uzee. Hufa kwa ukavu, kwa kutu, au kwa kutiwa mafuta yasiyoifaa.

Kosa hili la mwisho hutendwa kwa nia njema. Mafuta yakiisha, na duka likiwa mbali, fundi huchukua mafuta ya nazi, ya ufuta, au samli. Siku ya kwanza gurudumu huzunguka vizuri. Lakini mafuta ya kupikia huharibika kwa hewa na joto, yakawa mazito na kunata kama gundi, na nyuzi na vumbi hunasa humo. Miezi michache ikipita, kanyagio huwa zito, na fundi hudhani mashine imekufa. Pengine huiuza kwa bei ya chuma chakavu, na nguo za watu za Idi zingali hazijashonwa.

Mafuta ya gari nayo ni mazito mno. Yale yaliyokwisha kutumika yana masizi na chembe za chuma. Hula mashine na kuchafua kitambaa.

Yafaayo ni mafuta mepesi ya cherehani, yatokayo katika mafuta ya ardhini na kusafishwa hata yakawa meupe kama maji. Hayo huingia mahali pembamba wala hayagandi upesi.

Mafuta ya taa yana kazi nyingine: huyeyusha gundi ya zamani, lakini hayalainishi chuma kwa muda mrefu. Kwa hiyo mashine iliyokwama itengenezwe hivi. Kwanza, nyuzi na vumbi viondolewe kwa brashi chini ya sindano na mahali pa bobini. Pili, matone ya mafuta ya taa yatiwe katika matundu yake, mbali na moto, nayo ilazwe usiku kucha. Asubuhi gurudumu lizungushwe kwa mkono, na uchafu ufutwe. Tatu, papo hapo litiwe tone moja la mafuta ya cherehani kila mahali chuma kinaposuguana na chuma, hata penye kanyagio. Mkanda wa ngozi usitiwe mafuta, usije ukateleza. Mwisho, kishonwe kitambaa kibovu kwanza, hata mafuta ya ziada yaishe.

Wakazi wa Tana wana jambo moja zaidi la kuangalia. Mto ulifurika sana mwaka 1961, 1997 na 2023, na maji yake hubeba tope laini. Tope hilo likikauka ndani ya mashine husaga chuma kama msasa. Cherehani iliyozama isuuzwe kwa maji safi, ifutwe, ikaushwe, kisha itiwe mafuta siku ile ile. Ikiachwa mpaka kesho, kutu imekwisha kuanza.