Kadi ya Grafiki Katika Biashara ya Picha Muyeye

Mwenye studio ya picha Muyeye, hapa Malindi, huuza vitu viwili kwa pamoja, picha na upesi wa kuzipata. Kwani mtalii aliyepigwa picha ufukoni ataka kuondoka nazo kabla ndege haijamrudisha Italia, na bibi arusi ataka kuziona zake ilhali hina ingali mikononi, na yule awezaye kuzitoa mapema ndiye atakayeitwa arusi ya nduguye bibi huyo itakapofika. Kwa hiyo saa ambazo kompyuta yapiga hesabu huku fundi ameketi akiingoja ni gharama kama ilivyo kodi ya chumba, ingawa haiandikwi daftarini.

Zamani gharama hiyo ilikuwa ndani ya chumba cha giza. Marehemu Omar Said Bakor wa Lamu, ambaye studio yake ilisifika kwa picha zilizokatwa na kuunganishwa kwa ustadi wa ajabu, na Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio huko Unguja mwaka 1930, walitia rasilimali yao katika kamera, karatasi na dawa za kusafishia. Warithi wa kazi hiyo wameihamishia rasilimali kwenye kompyuta, nazo aghalabu ni zile za ex-UK, zilizokwisha kutumika maofisini ng'ambo, ambazo ziliundwa kwa barua na mahesabu wala si kwa picha, na ndani yake hamna uwezo wa grafiki ila ule hafifu ulioungwa na prosesa yenyewe.

Picha ya kamera ya megapikseli 24 ina nukta milioni 24, na programu kama darktable, ambayo hutolewa bure, huiweka kila nukta katika baiti 16 inapohaririwa, hata picha moja ikameza megabaiti 384 za memori kabla fundi hajagusa mwanga wala rangi. Kwa kuwa nyingi katika nukta hizo zaweza kuhesabiwa pasi na kungojana, kadi ya grafiki huishinda prosesa kama katika kubangua korosho, ambako mafundi wanne hodari hawafui dafu mbele ya vibarua mia saba, hata kila kibarua awe mwanagenzi. GeForce GTX 1050 Ti, kadi ya kawaida iliyotoka mwaka 2016, ina viini 768 vya kupigia hesabu, ndio vibarua wenyewe. Lakini picha haina budi ipelekwe kwanza katika memori ya kadi yenyewe, na memori hiyo ikiwa finyu, programu huikata picha vipande vipande na kuvishughulikia kimoja kimoja, na sehemu ya ule upesi ikapotea njiani. Ndiyo sababu nasisitiza kwamba mnunuzi atazame memori ya kadi kabla ya kutazama jina lililopambwa juu ya boksi.

Programu zenyewe zilichelewa kuutumia uwezo huu wa kadi. Photoshop iliuanza mwaka 2008, hasa kwa kukuza na kuzungusha picha kiooni, na Lightroom ikafuata mwaka 2015. Lililoigeuza hesabu kwetu ni chombo cha kuondoa chembechembe kwa akili bandia, kilichotiwa katika Lightroom mwezi Aprili 2023, maana shughuli zetu nyingi ni za usiku, chini ya taa hafifu, na picha zake hutoka zimejaa chembe. Kompyuta dhaifu yaweza kutumia dakika kadhaa kwa picha moja, ilhali kadi ya wastani hutumia sekunde. Tuseme ni dakika 5, na picha ni 300: hizo ni saa 25. Kwa sekunde 20, kazi ile ile yamalizika kwa saa 1 na dakika 40.

Wapo wasemao kwamba picha zipelekwe katika mtandao, zikahesabiwe na mitambo ya watu. Mimi silikubali shauri hilo, hususan kwa picha za kupamba, sherehe ya arusi ambako wanawake huwa peke yao, wamejifunua nywele, na mpiga picha naye ni mwanamke aliyeaminiwa. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yamhifadhi mtu na habari zake. Lakini kabla ya sheria ipo stara, na mteja anayejua kwamba picha zake hazikutoka nje ya kompyuta ya studio hulipa kwa moyo mkunjufu, tena humleta na shangazi yake.

Hata hivyo, mwenye mtaji mdogo aanze na diski ya SSD na memori ya kutosha, kwani kompyuta inayosuasua kwa kukosa hivyo haitaponywa na kadi. Kisha aulize nguvu ya umeme: 1050 Ti hutosheka na wati 75 za ubao mama wa kompyuta, lakini kadi ya RTX 3060 hudai wati 170 na waya wake mahsusi, ambao kompyuta nyingi za ofisini hazina. Joto la Malindi na hewa ya chumvi huvila vyuma, basi feni isafishwe mara kwa mara. Na anayenunua kadi iliyotumika achukue faili za arusi yake mwenyewe, aende nazo dukani, aziendeshe hapo hapo huku akiitazama saa, ndipo atoe fedha.