Chanja za Dagaa na Haki ya Kufanya Kazi

Marekebisho stahiki, yaani mabadiliko ya vifaa, ya mahali au ya utaratibu yanayomwezesha mfanyakazi mwenye ulemavu kutimiza wajibu wake bila kumtwisha mwajiri mzigo usiobebeka, hudhaniwa na wengi kuwa jambo la ofisi za mijini zenye lifti na kompyuta. Dhana hiyo ni finyu. Katika mwalo wa Kibirizi, kaskazini ya bandari ya Kigoma, ambako dagaa wa Ziwa Tanganyika hushushwa, hupimwa na kuanikwa, marekebisho hayo yanaweza kuwa kimo cha chanja tu.

Dagaa wakianikwa mchangani, mwanikaji hana budi kuinama saa nyingi akiwageuza, na mwenye kiti cha magurudumu hawafikii kabisa kwa kuwa magurudumu huzama. Chanja, ambazo ni vitanda vya miti na nyavu vinavyohimizwa ili samaki wasiingiwe na mchanga, zikijengwa kwa kimo cha kiuno na kuachiwa njia ngumu katikati, humwezesha mtu yuleyule kuanika, kugeuza na kuchambua akiwa ameketi. Kwa mwenye ualbino tatizo ni jua, ambalo huunguza ngozi yake na huweza kumletea saratani. Huyo anastahili kupangiwa kazi ya mizani au ya kufungasha chini ya paa, na kwa kuwa ualbino huambatana na uoni hafifu, tarakimu za mizani hiyo ziwe kubwa. Kiziwi hutosheka na ishara za mkono zilizokubaliwa mapema.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 humtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Mwaloni kifungu hicho ni wavu wenye matundu makubwa, kwani tajiri wa dagaa mwenye vibarua watano hupenya bila kuguswa. Hata hivyo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayokataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, haikuweka idadi kama hiyo. Aidha, halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 2 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba kwa watu wenye ulemavu, na kikundi cha waanikaji kinaweza kuiomba ili kujenga chanja zake chenyewe. Matajiri wa dagaa, kabla ya kumpa mtu kazi ya kuonewa huruma, na wamuulize kwanza ni kitu gani hasa kinachomkwamisha.