Valvu ya Moyo Imezibwa: Daktari Anajuaje Kama Haivuji?

Umewahi kujiuliza daktari aliyekarabati valvu ya moyo anajuaje kama kazi imekubali, kabla hajafunga kifua? Kumbuka, anashona kwenye moyo uliosimamishwa. Anaweza kuijaribu valvu kwa kujaza maji ya chumvi, lakini msukumo wake si ule wa moyo unaopiga. Ni kama fundi bomba aliyefunga koki kuu: uhakika anaupata maji yakirudi.

Tuchukue valvu ya mitrali. Iko upande wa kushoto wa moyo, kati ya chumba cha juu na cha chini, na ina vipande viwili vinavyofunguka na kufunga kama milango. Moyo ukikaza, vipande hivyo vinatakiwa vikutane barabara. Visipokutana, damu inarudi nyuma kuelekea mapafuni, na mgonjwa anahema hata akipanda ngazi chache. Hapa Afrika Mashariki, vijana wengi huharibikiwa valvu hii na homa ya baridi yabisi, ambayo huanza na maambukizi ya koo tu.

Kinachosaidia ni ultrasaundi, ila si ile ya kupakwa jeli kifuani. Mgonjwa akishalala kwa nusu kaputi, mrija wenye kipimo unapitishwa mdomoni hadi kwenye umio, yaani njia ya chakula. Umio unapita nyuma tu ya chumba cha juu cha kushoto, kwa hiyo valvu inaonekana kwa karibu, bila mbavu wala mapafu kuzuia. Kwa kawaida, damu inayokuja upande wa kipimo huonekana nyekundu, inayokwenda mbali bluu. Inayovuja kwa kasi hutokea kama mchirizi wa rangi zilizochanganyika.

Sasa hapa pana mtego. Dawa za usingizi hushusha presha. Presha ikishuka, uvujaji mkubwa unaweza kuonekana mdogo! Ndiyo maana madaktari huweza kuipandisha kwanza kwa dawa, ndipo watoe uamuzi.

Ukarabati ukiisha, moyo unaachwa upige tena na picha inatazamwa upya. Bado inavuja? Au imekazwa mno, njia ya damu ikawa finyu? Jibu likiwa baya, mgonjwa hurudishwa kwenye mashine ya moyo na mapafu ili valvu irekebishwe tena au ibadilishwe. Kurudi huko kuna hatari zake, lakini ni afadhali kugundua tatizo sasa kuliko kumpasua mtu kifua mara ya pili.