Figo Katika Mlo wa Kabla ya Upasuaji

Baada ya darsa ya alasiri, bibi mmoja aliyefuatana na bintiye alinisubiri ukumbini. Alikuwa amepangiwa upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula, na daktari amempa mlo mdogo wa majuma mawili. "Sheikh, maadamu nishajizuia kula, si niunganishe na siku sita za Mfungo Mosi, nipate yote mawili?"

Nilimwambia asifanye.

Mlo huo, ambao aghalabu ni kalori 800 hivi kwa siku, lengo lake kubwa ni kulinyauza ini. Ini lililojaa mafuta hulifunika tumbo, na mpasuaji anayepitisha vyombo vyake katika matundu madogo hupata taabu kulifikia. Mwili uliopunguziwa wanga hutumia akiba ya sukari iliyomo katika ini na misuli, na akiba hiyo imeshikana na maji. Ndipo siku za mwanzo mtu hukojoa sana. Mizani ikishuka hufurahi, kumbe mengi yaliyotoka ni maji. Maji yakipungua mwilini, figo hupata damu haba, mkojo huwa mzito, na vijiwe hupata njia. Basi mlo huu hupunguza chakula, haupunguzi maji, ilhali funga yetu huzuia vyote viwili. Mgonjwa ameruhusiwa kula hata katika Ramadhani, sembuse sunna!

Nikamuuliza dawa anazotumia. Binti akafungua mkoba: tembe za presha, pamoja na zile za kukojoza; diklofenaki ya magoti; na sanamaki, aliyoambiwa na jirani kuwa "itaharakisha".

Hapo nilishtuka zaidi kuliko kwa habari ya saumu. Sanamaki huharisha, ikatoa maji na chumvi za mwili. Diklofenaki hubana mishipa ipelekayo damu kwenye figo. Zikikutana na tembe za presha na za kukojoza katika mwili uliokauka, figo zaweza kuacha kufanya kazi kwa siku chache tu. Hata hivyo tembe za presha, na dawa za sukari kwa mwenye nazo, mtu hazikatizi kwa rai yake. Daktari ndiye wa kuzipunguza. Na mwenye maradhi ya figo au moyo huulizia pia kiasi cha maji na cha protini, kwani kipimo chake si cha watu wote.

Nilimsihi arudi kliniki asubuhi yake na mkoba ule ule, akaombe damu ipimwe kreatinini, na mkojo nao upimwe. Alikubali. Sanamaki aliiacha pale pale ukumbini.