Imekufa, imezima au haifunguki? Maneno ya kuelezea hitilafu za kompyuta

Kitenzi "kufa" hutumika kwa vitu vingi visivyo na roho. Saa hufa, betri hufa, injini hufa, na siku hizi kompyuta nayo hufa. Matumizi haya si kosa la lugha. Udhaifu wake ni kwamba yanafunga mazungumzo mahali ambapo yangepaswa kuanza, kwa kuwa kilichokufa hakiulizwi kinaumwa nini. Kwa upande wa kompyuta swali hilo lina thamani kubwa. Hitilafu nyingi zinazoitwa kifo ni maradhi madogo, na baadhi ya tiba zinazotolewa kwa haraka ndizo zinazoleta hasara.

Mkazi wa kata ya Lusu, wilayani Nzega, mkoani Tabora, ana sababu ya ziada ya kuchagua maneno yake kwa makini. Ikiwa fundi yuko Nzega mjini au Tabora, uchunguzi wa kwanza hufanyika kwa simu. Fundi haoni skrini, hasikii feni, wala hagusi chaja. Anachopata ni maelezo tu. Mazungumzo ya aina hii husikika mara kwa mara:

– Shikamoo, mwalimu.
– Marahaba, fundi. Kompyuta yangu imekufa.
– Pole sana, mwalimu. Ilete tu, nitaipiga Windows.

Uamuzi umekwisha kutolewa, na hakuna kilichochunguzwa. "Kupiga Windows", katika Kiswahili cha mafundi wa Tanzania, ni kusimika upya mfumo endeshi. Kazi hiyo mara nyingi huambatana na kufomati, yaani kufuta sehemu ya diski ulimokuwa mfumo wa zamani. Katika kompyuta nyingi za nyumbani, sehemu hiyo hiyo ndiyo yenye alama za wanafunzi, hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa, na picha za wazee waliokwisha kutangulia. Kwa hiyo tofauti kati ya "imekufa" na "haifunguki" inaweza kuamua kama vitu hivyo vitabaki au vitapotea.

Kuwaka, kupakia na kufunguka

"Kuwaka" ni kitenzi cha moto kilichohamia kwenye taa, kisha kwenye mashine. Kompyuta inawaka ikiwa umeme umeingia: taa ndogo inaonekana, feni inazunguka, au sauti inasikika. "Kufunguka" ni hatua ya mwisho, pale mtumiaji anapofika kwenye uso wa kazi na kuona mafaili yake. Katikati ya hatua hizo kuna mbili nyingine. Kwanza kompyuta hujikagua: programu fupi iliyomo kwenye mazabodi huangalia kumbukumbu, kibodi na diski. Kisha mfumo endeshi hupakiwa, yaani hutolewa kwenye diski na kuwekwa kwenye kumbukumbu ili uanze kufanya kazi.

"Kupakia" ni neno kongwe la majahazi, punda na magari. Tabora ulikua kwenye njia ya misafara iliyounganisha Ujiji na Bagamoyo, na wapagazi wa Kinyamwezi walijua kwamba msafara hauondoki kwa amri moja. Mizigo hufungwa, hugawanywa, hutwikwa, ndipo safari ianze. Anayeulizwa kwa nini msafara haujaondoka hutakiwa kutaja hatua iliyokwama. Kompyuta nayo huelezwa hivyo hivyo.

"Haiwaki", kwa maana yake kamili, huelekeza uchunguzi kwenye umeme: soketi, waya, adapta, betri au kitufe cha kuwashia. Kwa kompyuta mpakato, jaribio la nyumbani ni kuchomoa chaja, kutoa betri ikiwa ni ya kutolewa, kubonyeza kitufe cha kuwashia kwa takriban nusu dakika, kisha kurudisha chaja na kuwasha tena. Kwa kompyuta ya mezani, soketi ijaribiwe kwanza kwa kifaa kingine. Kisanduku cha umeme kilicho ndani ya kava kisifunguliwe nyumbani, kwa sababu huweza kuhifadhi umeme hatari hata baada ya waya kuchomolewa.

"Inawaka lakini skrini ni nyeusi" ni habari nyingine kabisa. Hapo huchunguzwa skrini yenyewe, waya wake, na vibao vya kumbukumbu ambavyo huenda vimelegea au vimeshika vumbi. Ikiwa kompyuta inalia milio mifupi au mirefu, milio hiyo ihesabiwe na itajwe jinsi ilivyo, kwa kuwa kila mtengenezaji ana mpangilio wake wa milio unaoonyesha kifaa kilichoshindwa.

"Inawaka, nembo inatokea, lakini haifunguki" humaanisha kwamba umeme upo na kujikagua kumeanza. Sasa shaka inaangukia diski au mfumo endeshi. Katika hali hii mafaili mara nyingi bado yako salama, na hapa ndipo neno "imekufa" hupotosha kuliko mahali pengine.

Kuzima, kuzimwa, kuzimika na kujizima

Kiswahili kina utajiri ambao watumiaji wengi huuacha bila kuutumia: mnyambuliko wa vitenzi. Kitenzi "kuzima" hutumika kwa mtendaji na kwa kitu chenyewe. "Amezima taa" na "taa imezima" zote ni sahihi. Kwa sababu hiyo "kompyuta imezima" haisemi nani au nini kimeizima. Minyambuliko huondoa utata huo.

"Imezimwa" huonyesha kwamba yupo aliyeizima. "Imezimika" huonyesha hali iliyotokea bila kumtaja mtendaji, kama vile umeme ulipokatika. "Imejizima" huonyesha kwamba umeme ulikuwapo, hakuna aliyegusa kitu, na mashine ikazima yenyewe. Kwa fundi, "kujizima" ni dalili mahususi. Chanzo cha kawaida ni joto: feni imejaa vumbi, matundu ya hewa yamezibwa na kitambaa au godoro, na kompyuta inajilinda isiungue. Katika miezi ya kiangazi mkoani Tabora vumbi huwa jingi, na kusafisha matundu hayo ni tiba ambayo haihitaji kupiga chochote.

"Kujizima" kutofautishwe pia na "kujizima na kujiwasha". Windows hupangwa tangu mwanzo kujiwasha upya inapopata hitilafu kubwa. Mtumiaji huona skrini ya bluu kwa muda mfupi, kisha nembo, kisha bluu tena. Windows 10 ikishindwa kufunguka mara kadhaa mfululizo, huleta yenyewe ukurasa wa ukarabati wenye njia ya kurekebisha uanzaji, njia ya kurudi kwenye hali ya awali, na njia ya kufungua katika hali salama. Njia hizo zijaribiwe kabla ya kufikiria kusimika upya. Ile inayotaja kufuta kila kitu isiguswe.

Kukwama, kuganda na kugoma

Vitenzi hivi vitatu hutumiwa kana kwamba ni kimoja, na vijana huviweka vyote chini ya "inazingua" au "imestaki". Kwa maelezo ya hitilafu ni vema vitenganishwe.

"Kukwama" ni kuzuiwa katikati ya safari. Programu moja imekwama ikiwa haijibu lakini kishale cha kipanya bado kinatembea. Dawa yake ni kusubiri kidogo, kisha kubonyeza Ctrl, Alt na Delete kwa pamoja ili kuifunga programu hiyo peke yake. "Kuganda" ni hali ya mafuta katika baridi: kila kitu kimesimama, kishale hakitembei, saa ya skrini haisogei. Ikiganda hivyo, kitufe cha kuwashia hubonyezwa na kushikiliwa kwa sekunde kadhaa hadi izime. "Kugoma" huhusu mwanzo wa jambo: mashine imegoma kuwaka, programu imegoma kufunguka. Kilichogoma hakijaanza, ilhali kilichokwama kilikwisha kuanza.

Viambishi vya njeo

Tofauti ndogo zaidi, na pengine yenye manufaa zaidi, iko kwenye kiambishi kimoja. "Imezima" hueleza tukio na matokeo yake yaliyopo. "Inazima" huonyesha jambo linaloendelea kurudiwa siku hizi. "Huzima" huonyesha mazoea, nayo hudai kuendelezwa: huzima lini? "Huzima baada ya nusu saa" huashiria joto. "Huzima chaja ikitikiswa" huashiria tundu la chaja lililolegea au betri iliyochoka.

"Haikufunguka" ni ya jana au ya mara moja. "Haijafunguka" huacha mlango wa matumaini, kwani huenda mfumo unasasishwa na unahitaji muda. Kukata umeme wakati wa kusasisha ni njia mojawapo ya kuharibu mfumo uliokuwa mzima.

Kiambishi "ka" hubeba mfuatano. "Nilichomeka flashi, ikaganda" ni sentensi fupi inayompa fundi tukio na kilichotangulia. Mfuatano si lazima uwe sababu, lakini ndiko uchunguzi unakoanzia. Mara nyingi flashi iliyosahauliwa kwenye mashine ndiyo inayozuia kompyuta kufunguka, kwa kuwa kompyuta huitafuta Windows kwenye flashi hiyo badala ya diski yake.

Maandishi ya skrini

Watumiaji wengi husema "inaleta maandishi" na kuishia hapo. Maandishi hayo aghalabu huwa kwa Kiingereza. Juhudi za kuifanya kompyuta izungumze Kiswahili si ngeni: Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Hata hivyo, ujumbe unaotokea kabla ya mfumo kupakiwa hutoka kwenye mazabodi, na hauguswi na lugha iliyochaguliwa ndani ya Windows.

Asiyejua Kiingereza hahitaji kuutafsiri ujumbe huo. Anachohitaji ni kuunakili herufi kwa herufi, au kuupiga picha kwa simu. Msimbo 0x0000007B una maana ile ile Lusu na London: Windows imeshindwa kuifikia diski inayoanzia. Msimbo 0x0000001A huhusu usimamizi wa kumbukumbu. Misimbo hii haitoi hukumu, lakini hupunguza sana mahali pa kutafuta.

Ujumbe mwingine huitaka kompyuta ibonyezwe F1 kila inapowashwa, huku tarehe ikiwa imerudi nyuma miaka mingi. Kompyuta hiyo mara nyingi ina kasoro ndogo tu: betri ya saa iliyo kwenye mazabodi imekwisha. Katika kompyuta nyingi za mezani ni ile ya duara, CR2032, ya volti 3. Tarehe isiyo sahihi pia huweza kufanya tovuti salama zikatae kufunguka, na mtumiaji akadhani intaneti imeharibika.

Maelezo yanayojitosheleza

Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa kompyuta, maradhi hufichwa bila kukusudia, kwa neno lililo pana kupita kiasi. Maelezo mazuri huwa na mambo matano: aina ya mashine, kilichotangulia, hatua iliyofikiwa, kilichojaribiwa, na kilichomo ndani. Huu ni mfano:

"Fundi, ni kompyuta mpakato, ina Windows 10. Jana jioni umeme ulikatika ikiwa inafanya kazi bila betri, ikazimika. Uliporudi niliiwasha. Taa inawaka, feni inazunguka, nembo inatokea, kisha inaleta maandishi meupe, nimeyapiga picha. Hakuna flashi iliyochomekwa. Ndani mna alama za wanafunzi ambazo hazina nakala. Tafadhali usifomati kabla hatujazungumza."

Baada ya maelezo hayo, fundi hawezi kujibu kwa uaminifu kwamba ataipiga Windows tu. Ataomba picha ya maandishi, ataikagua diski, na ikibidi ataitoa na kuiunganisha kwenye kompyuta nyingine ili mafaili yanakiliwe kwanza. Kusimika upya kunaweza kufuata, lakini kutakuja baada ya vyenye thamani kuokolewa.

Matumizi yanayopendekezwa: "haiwaki" itumike pale tu pasipo dalili yoyote ya umeme, "haifunguki" pale umeme upo lakini uso wa kazi haufikiwi, "imejizima" pale mashine inapozima bila kuguswa na bila umeme kukatika, "imekwama" kwa programu, na "imeganda" kwa kompyuta nzima. "Imekufa" iachwe hadi fundi amekwisha kuifungua, kuipima na kuthibitisha hivyo.