Mpapai Usiozaa

Katika nchi ya Usukuma, toka Shinyanga hata Geita, watu hupanda mipapai karibu na nyumba zao. Wakati wa kiangazi watoto huinywesha maji yaliyochotwa mbali. Kisha mti mmoja huzaa mapapai mengi, na mwenziwe, uliopandwa siku ile ile na kunyweshwa maji ya mtungi ule ule, hauzai hata moja. Hapo mtoto hulaumiwa kwa uvivu, au jirani hudhaniwa kuwa ana kijicho, na shoka huletwa. Lakini hapana aliyekosa. Mpapai ule ni dume.

Tazameni maua yake. Ua la mpapai jike ni nene, nalo hukaa karibu na shina. Ndani yake mna kifuko kigeukacho kuwa papai. Maua ya dume ni membamba na mengi, nayo huning'inia katika vikonyo virefu. Hayo hutoa chavua, yaani unga wa manjano, na nondo warukao jioni huuchukua mpaka kwa majike. Tena iko mipapai ya namna ya tatu, ambayo ua lake ni dume na jike pamoja.

Sababu ya tofauti hiyo imo ndani ya mbegu. Mmea umejengwa kwa chembe ndogo sana, na katika kila chembe mna nyuzi ziitwazo kromosomu, zichukuazo urithi. Mpapai una kromosomu 18, yaani jozi 9, na jozi moja ndiyo iamuayo dume au jike. Jike lina X mbili. Dume lina X moja na Y moja. Kila mbegu hupata X kwa mama; kwa baba nusu ya mbegu hupata X, na nusu hupata Y. Kwa hiyo katika mbegu za papai moja, karibu nusu ni madume. Kama vile jiwe la Geita lisivyoonyesha dhahabu yake mpaka lipondwe, ndivyo mbegu isivyoonyesha hali yake mpaka mti utoe maua.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Mimea mingi ina dume na jike katika ua moja. Katika kila aina 100 za mimea yenye maua, aina kama 6 tu zina miti dume mbali na miti jike mbali. Wataalamu hufikiri kwamba mababu wa mpapai walipatwa na mabadiliko mawili: moja lilizuia chavua, na jingine lilizuia kifuko cha tunda. Kwa kawaida kromosomu mbili za jozi hubadilishana vipande. Lakini kama mabadiliko haya yangalichanganyika, ungalitokea mti usio dume wala jike, usioweza kuzaa. Basi sehemu ile ikaacha kubadilishana, ikashikamana kama ng'ombe wawili waliofungwa nira moja. Hivyo ndivyo zilivyopatikana X na Y.

Mwaka 2004 wataalamu waliochunguza mipapai ya Hawaii walitangaza kwamba Y yake ni changa. Umri wake ni kama miaka milioni 7, na ile ya wanadamu imepita miaka milioni 150.

Lakini nira hiyo ina hasara. Sehemu isiyobadilishana haitengenezeki upesi ikiharibika, na makosa huongezeka humo. Ndiyo sababu mbegu ipatayo Y kwa baba na kwa mama hufa. Mpapai wa namna ya tatu nao una X moja na Y moja iliyogeuka kidogo. Ukijizalisha wenyewe, robo ya mbegu zake hufa, na katika kila miche mitatu iliyobaki, karibu miwili ni kama mzazi na mmoja ni jike.

Basi mkulima mwenye busara hupanda mbegu tatu katika shimo moja, akangoja maua. Huacha dume moja kwa majike kama 10, akang'oa mengine. Akiyakata madume yote, majike yake hayatazaa vema. Kwa hiyo mwenye shoka na atazame maua kwanza.