Hatari ya kupiga hema mtoni Kakuma

Atokaye Lodwar kwenda Kakuma na ndoana mkononi ataukuta mto, lakini huenda asikute maji. Turkwel, unaoanzia Mlima Elgon kwa jina la Suam na kupita Lodwar hadi Ziwa Turkana, ndio wenye matumaini ya kambare. Na mamba pia. Tarach, mto wa Kakuma, ni mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka, wala haufiki ziwani.

Mchanga huo laini humshawishi msafiri kupiga hema. Hapo ndipo penye hatari. Mvua ikinyesha milimani upande wa Uganda, mafuriko huweza kufika usiku ilhali anga ya Kakuma imejaa nyota. Hema lipigwe juu ukingoni, hata kama ardhi yake ni ya mawe.